Chumba cha Baridi

Muchiri alikiinua kichala cha uyoga hadi penye mwanga wa dirisha, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye beseni kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Mama Daisy," akasema, "hii kitu inatembea."

Nereah alicheka. Muchiri alikuwa mtu wa mizaha, hasa asubuhi kabla hoteli yake haijajaa. Ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza hapo Kawangware, na ndiye aliyewaambia wenye hoteli wengine kwamba kuna mama wa Kibera anayekuza uyoga mtamu kuliko nyama.

"Inatembea aje?"

"Kuja uone mwenyewe."

Akainama. Chini ya kofia za uyoga, penye mikunjo, palikuwa na vumbi la rangi ya kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Akalipuliza. Vumbi halikupeperuka. Lilijikusanya, likatawanyika, kisha likaanza kupanda kidole chake.

Wateja wawili waliokuwa wakinywa supu waligeuka. Mmoja akalisukuma bakuli lake mbali.

"Na hii yangu imewekwa nini?"

"Hiyo ni mbuzi, bro. Mbuzi safi. Kunywa tu," Muchiri akamjibu haraka. Kisha akamsogelea Nereah na kushusha sauti. "Toa hiyo beseni, mama. Si kwa ubaya. Lakini pitia nyuma."

Hapo pa kupitia nyuma ndipo palipomchoma. Siku zote aliingia na kutoka kwa mlango wa mbele, beseni kichwani, akisalimiwa. Sasa alipita kando ya mtaro, penye sufuria chafu, na msichana aliyekuwa akiosha vyombo akaivuta sketi yake pembeni asije akaguswa. Nereah aliisikia ile sketi ikivutwa hata baada ya kufika barabarani.

Alirudi Kianda, mtaa wao huko Kibera, kwa miguu, beseni limefunikwa kwa leso kama mtoto mgonjwa.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya mabati vilivyotenganishwa kwa pazia. Cha ndani kilikuwa cha uyoga: mifuko ya majani makavu ya ngano ikining'inia kwa kamba kutoka kwenye dari, safu kwa safu. Cha mbele kilikuwa cha kila kitu kingine, na tangu baridi ya katikati ya mwaka ilipoingia, kilikuwa pia cha mama mkwe wake, Sella, aliyeletwa mjini kutoka Ugenya kutibiwa kifua. Nimonia ilikuwa imempiga vibaya. Daktari aliwaambia mgonjwa asikae kwenye baridi, na mume wa Nereah, Osewe, akanunua gunia la makaa siku hiyohiyo. Kila siku Nereah aliwasha jiko nje, akangoja makaa yawe mekundu na moshi uishe, akaacha dirisha wazi kidogo, ndipo akaliingiza jiko na kuliweka karibu na kitanda. Karibu na kitanda ilikuwa pia karibu na pazia. Chumba hakikuwa na upande wa mbali.

"Umerudi mapema," Sella alisema. Alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akijikuna mkono chini yake. "Wamenunua wote?"

"Leo hawakuwa na haja, mama."

Sella alimtazama, akatazama lile beseni lililojaa. Hakuuliza tena.

*

Kesho yake Lavender alikuja. Alikuwa afisa wa kilimo, msichana mwenye kicheko cha karibu, ndiye aliyekifundisha kikundi cha akina mama wa Kianda kukuza uyoga. Alitoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba, akasimama mbele ya mfuko mmoja kwa muda mrefu, kisha akahamia wa pili, na wa tatu, na kile kicheko chake hakikusikika.

"Ni utitiri," akasema. "Si ule wa kuku, lakini ni wa ukoo mmoja. Wanakula hizi nyuzi nyeupe zinazozaa uyoga, wanazimaliza kabla uyoga haujatokeza. Wamekuja na majani ya ngano. Ulipika hayo majani kwa mvuke vile nilikuonyesha?"

"Nilipika."

"Ukamaliza?"

Nereah alitazama chini. "Makaa yalihitajika kwingine."

"Sawa. Basi walibaki wachache. Lakini Lavender huyu anakuambia, hao wachache hawangekuwa kitu kwa baridi hii ya Julai. Yai la utitiri likiwa kwa baridi linalala tu. Linakaa, mtoto akitoka naye anakua polepole, mpaka wewe unavuna na kutupa mfuko hawajawa wengi. Sasa weka joto." Alishika kipimajoto kilichoning'inia kati ya mifuko, akakigeuza wakione wote wawili. "Yai linaanguliwa chapchap, mtoto anakuwa mama chapchap, na kabla hujajua ameshakuwa nyanya. Wote wanakula. Halafu angalia, uyoga wenyewe una miguu mirefu na kofia ndogo. Hiyo ni hewa ya makaa. Huku nje watu wanatembea na blanketi, Mama Daisy. Mbona humu ndani ni kama Mombasa?"

Nyuma ya pazia makaa yalialika. Sella akakohoa.

Lavender akaelewa, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akayashusha kidogo. "Si kwamba joto lote ni baya. Lile kali kabisa, la mvuke, linawaua. Baridi nayo haiwaui, inawachelewesha tu. Ni hili la katikati, la kuota, ndilo lao. Moto na uyoga haviwezi kukaa nyumba moja. Itabidi uchague."

"Nitaona," Nereah akasema, kwa sauti ya kunong'ona.

Lakini pazia si ukuta.

*

Jioni alimvuta mumewe mpaka kwenye bomba la maji, mbali na nyumba, wakapanga foleni na mitungi yao. Osewe alikuwa ametoka mjengoni, simiti bado imemganda kwenye kope. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimwambie mama azime moto."

"Sijasema hivyo."

"Umesema joto. Joto ni nani kwa hiyo nyumba? Joto ni mama."

"Nimekueleza vile Lavender amesema, Osewe. Sijatunga."

"Uyoga utapandwa tena," akasema, na mwanamke aliyekuwa mbele yao kwenye foleni akageuza shingo. "Mama hapandwi."

"Na karo ya Daisy tutaipanda wapi? Nusu ya hii nyumba inalipwa na nini? Mjengo unakuita siku tatu, siku nne unakaa."

Alitamani kuyameza maneno yale mara tu yalipotoka. Osewe aliweka mtungi chini ya bomba, akatazama maji yakijaa, yakafurika, yakamlowesha viatu.  Mwanamke wa mbele, aliyekuwa ameshajaza wake, ndiye aliyesema: "Na pia mwangalie huo upele, Mama Daisy. Watu wanaongea. Juzi Daisy alikuwa anajikuna kwa Sunday school, wenzake wakahama benchi."

Walirudi nyumbani, Osewe mbele. Walipofungua mlango walikutana na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Jiko lilikuwa jeusi, linatoa mvuke wa mwisho. Sella alikuwa ameketi wima kitandani, amevaa koti lake la kanisani, kitambaa amekifunga kichwani.

"Mama, nani amezima?" Osewe akauliza.

"Nimeota vya kutosha," mama yake akasema.

Alfajiri kikohozi chake kilikuwa kama mtu anayeburuta meza sakafuni. Osewe aliondoka kwenda kazini bila kumuaga mkewe. Daisy, aliyekuwa darasa la nane na aliyekuwa akisikia kila kitu, alisimama mlangoni na begi lake.

"Mum, si uwashe tu? Dani anateseka," akasema, akimtazama nyanya yake kitandani.

"Enda shule."

Alipobaki peke yake na mama mkwe, Nereah aliona kile kiroba cha safari chini ya kitanda, kimefungwa kamba. Sella aliona ameona.

"Osewe anikatie tiketi," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepita siku nyingi sana na hata jembe sijapewa. Nimepewa moto tu, nikae nao kama kuku anayeatamia."

Ni lazima isemwe jinsi ilivyokuwa. Kwa muda mfupi, muda wa kuvuta pumzi moja, Nereah alifurahi. Aliona chumba kimepoa, mifuko imetulia, Muchiri anamfungulia mlango wa mbele. Kisha Sella akakohoa tena, akajishika ubavuni kwa mikono miwili, na ile furaha ikazimika. Nani angemwangalia huko Ugenya? Boma lilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye huyu.

Akalibeba jiko nje. Akalipangusa, akapanga makaa, akapepea mpaka machozi yakamtoka, na si moshi peke yake uliomliza. Alipoliingiza tena, Sella alikuwa akimtazama.

"Utaharibu kazi yako."

"Imeshaharibika, mama. Na si wewe uliyeiharibu. Ni mimi nilijua kuna joto jingi humu nikanyamaza, nikijiambia kunyamaza ndiyo heshima."

"Ulinifanya yai," Sella akasema. Hakuwa amekasirika tena, alikuwa amechoka tu. "Yai ndilo huogopwa hivyo. Mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimelima peke yangu. Ungeniambia, 'Mama, moto wako unalea wadudu,' ningecheka tu."

Akautoa mkono chini ya blanketi, polepole, akakunja mkono wa koti. Ngozi ilikuwa imejaa vipele vidogo vyekundu. "Nilidhani ni ugonjwa nimewaletea kutoka nyumbani. Nimekuwa nikijificha."

Nereah alivua sweta yake. Vipele vilevile, tangu kiwiko hadi begani. "Mimi nilidhani ni kunguni, nikaona aibu kukuambia nimekulaza kwenye kunguni."

Wakatazamana. Sella ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilichogeuka kikohozi na kurudi tena kuwa kicheko, na Nereah akakaa chini sakafuni karibu na jiko, akacheka naye hadi mbavu zikamuuma.

Kabla ya saa sita alikuwa ameifungua mifuko yote kutoka kwenye kamba. Aliipika kwenye pipa nje ya ploti, mvuke mkali, mmoja baada ya mwingine, hata ile iliyokuwa bado inatoa uyoga mdogo mweupe uliomtazama kama vidole vya mtoto. Jirani mmoja aliyekuwa akikuza sukuma wiki kwenye magunia akayachukua majani yaliyopikwa kuwa mbolea. Nereah alifua mapazia, akachemsha nguo na blanketi, akapangusa kuta kwa sabuni ya kufulia. Jioni Osewe alikuta chumba cha ndani hakina mfuko hata mmoja, na mama yake amelala humo kwa mara ya kwanza, dirisha la mbele limefunguliwa vizuri.

Alisimama katikati ya chumba. "Umetoa vyote?"

"Vyote."

 Osewe alichukua mtungi akaenda kuchota maji, ingawa mitungi yote ilikuwa imejaa.

*

Vipele viliisha upesi kuliko maneno ya majirani. Kifua cha Sella nacho kikaanza kufunguka. Lakini beseni lilikaa limegeuzwa juu ya kabati, na karo haingojei mtu apate nafuu.

Ndipo Nereah alipoanza kutafuta nyumba.

Alianza Kianda, akashuka Lindi, akaenda mpaka Laini Saba, na kila mahali wasimamizi wa ploti za kupangisha walimwimbia wimbo mmoja. "Hii iko warm sana, mama." "Hapa jua linapiga toka asubuhi." "Huku hutasikia baridi hata kidogo."

"Mimi nataka ya baridi," Nereah aliwaambia.

"Ya nini?"

"Ya baridi. Ile wapangaji wanahama. Ile mbaya kabisa."

Mmoja alimtazama juu hadi chini akamwuliza kama ametumwa na serikali. Mwingine aliita wenzake waje wamsikie. "Niaje wasee, kujeni! Kuna mathe hapa anataka keja ya friji!" Wakacheka kusikia mama akitaka nyumba iliyo kama friji, na yeye akasimama akingoja wamalize, kisha akauliza tena. Kicheko cha watu kilikuwa kimempata sana mwezi ule, na alikuwa ameanza kugundua kwamba hakiui.

Huko Kawangware, katika ploti ya mawe iliyoegemea mteremko, alikutana na mwenye ploti mwenyewe. Wanja, ambaye wapangaji walimwita Mama Kabiru, alizaliwa pale wakati pangali shamba la mahindi. Alikuwa ameketi akichambua njugu, miwani puani.

"Baridi?" akauliza. "Unataka kuweka maiti?"

"La, mama."

"Unapika pombe? Niambie sasa. Mimi ni wa kanisa, na chifu ananijua."

"Ni uyoga."

Wanja aliziacha njugu. Alimwongoza nyuma, chini ya tangi la maji, kwenye chumba kilichochimbiwa nusu ndani ya mteremko. Alipofungua mlango, hewa iliyotoka iliwapiga magotini kama ya kisimani. Nereah aliingia, akaweka kiganja ukutani. Jiwe lilikuwa baridi na jua lilikuwa utosini. Akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimeweka watu wanne hapa," Wanja akasema toka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Wote walihama wakikohoa. Wa mwisho alinitukana. Mimi hata niliacha kukionyesha."

"Nakichukua."

"Hujauliza bei."

"Naogopa kuuliza. Amana sina. Nikivuna nitalipa, nikikosa kuvuna utanifukuza na chumba kitakuwa kama ulivyokuwa nacho."

Wanja alimtazama juu ya miwani. Katika maisha yake ya kupangisha alikuwa amesikia ahadi za kila rangi, na nyingi alizijua kwa harufu. Hii hakuijua.

"Mtu hajawahi kukisifu hiki chumba," akasema mwishowe. "Lipa nusu mpaka uvune. Na siku nitasikia harufu ya chang'aa, nitakutoa na mifuko yako yote."

*

Safari hii majani yalipikwa mpaka mwisho. Lavender alisisitiza: moto usishuke, mvuke usikatike, tangu asubuhi hadi jua ligeuke. Kazi hiyo ilihitaji mtu wa kukaa. Mtu wa kukaa karibu na moto siku nzima, asiondoke, asisinzie, aongeze kuni kidogokidogo.

"Mimi," Sella akasema.

"Mama, kifua chako."

"Kifua kimeambiwa kikae kwenye joto. Huko ndiko kuna joto. Ama unataka kunifanya yai tena?"

Agosti ilikuwa imeanza kutoa jua. Walimpandisha boda boda, Nereah nyuma yake akimshikilia kiuno, wakafika Kawangware Sella akilalamika kuhusu dereva, barabara na serikali. Wakamkalisha kwenye kigoda uani kwa Wanja, upande moshi usikoelekea, pipa mbele yake. Alilichunga lile pipa kama ng'ombe wa kukamwa. Wanja alikuja kuhakikisha ni uyoga kweli, akaleta chai ili apate sababu ya kukaa. Hawakuwa na lugha moja vizuri. Kiswahili cha Sella kilikuwa cha soko la Ugunja karibu na kwao, cha Wanja kilikuwa na Kikuyu katikati. Lakini wote wawili walikuwa wajane na wote wawili walikuwa na maoni juu ya kuni zisizokauka, na hiyo iliwatosha mpaka jioni.

Jumapili Osewe alikuja na mwiko na nusu mfuko wa simiti.  Aliziba kila ufa kwenye kuta za kile chumba, akaweka wavu mwembamba dirishani, akatundika magunia ya kulowesha maji juu yake ili hewa ipite ikiwa imepoa. Nereah alimshikia ndoo. Walifanya kazi hivyo mpaka akamaliza na kuanza kuosha mwiko.

"Siku ile kwa bomba," akasema, akiutazama mwiko. "Nilisema vibaya mbele ya watu."

"Na mimi nilisema kuhusu mjengo."

"Ulisema ukweli."

"Ukweli nao unaweza kusemwa vibaya."

Akatikisa kichwa kukubali, akampa mwiko aukaushe.

Mbegu ziliota polepole mle ndani. Daisy alilalamika kwamba zinaboesha, hazina haraka hata kidogo. Nereah aliingia kila siku na taa na kile kioo alichoazimwa, akitafuta vumbi la rangi ya kutu. Alipata wadudu mara moja, kwenye mfuko mmoja tu karibu na mlango. Moyo ulimwenda mbio. Akamwita Lavender, na Lavender akatazama, akasema ni wachache, na kwa baridi hii hawataweza kwenda popote kabla ya mavuno. Utoe mfuko huo, uupike, ulale usingizi. Akautoa. Akaupika. Hakulala, lakini asubuhi mifuko mingine ilikuwa safi.

Kisha weupe ukaenea, mfuko kwa mfuko, mpaka ikawa kama iliyomiminiwa uji. Na mchana mmoja Nereah alikuta vichwa vidogo vya uyoga vimetokeza kwenye matundu, vya rangi ya majivu, vimebanana, vina miguu mifupi na kofia nene. Alipiga kelele. Sella, aliyekuwa amekuja kusimamia mvuke wa majani ya awamu ya pili, aliliacha pipa kwa mara ya kwanza akaja kwa mkongojo wake, akapita mlangoni akiwa amevaa lile koti la kanisani, akainama mbele ya mfuko. Akagusa kofia moja kwa kidole.

Wanja naye alikuwa amezisikia zile kelele. Akaja mbio na unga mikononi, akidhani kuna moto au nyoka, akasimama kizingitini, mlango wazi kabisa nyuma yake, jua la adhuhuri likimwagika sakafuni.

"Ni nini? Nani ameumia?"

Sella aligeuka, mzee aliyekuwa ameletwa Nairobi afichwe baridi, akamkunjia uso mwenye ploti.

"Funga huo mlango," akamwambia. "Unaniingizia joto."